Kamera Yako Iishie Kwenye Ukuta Wako

Ingia duka la vifaa vya umeme kwenye Barabara ya Luthuli jijini Nairobi na utaiona, imepangwa kati ya chaja za simu na spika za bluututhi: kamera iliyoumbwa kama balbu. Unaifunga kwenye holda ya taa, unaiunganisha na waifai ya nyumba, unapakua programu kwenye simu, na kabla chai haijapoa unaitazama sebule yako ukiwa ndani ya matatu. Inageuka huku na huku, inaona gizani, inasikia, na inasema. Mama aliye kazini Westlands anaweza kumkemea mwanawe aliye Kitengela aache kuchezea soketi, na mtoto akaisikia sauti ikitoka darini. Wanunuzi huuliza bei, kisha huuliza picha ni safi kiasi gani. Wakijibiwa hayo, wanalipa.

Ningependa waulize mengine mawili kabla ya kutoa pesa. Kamera hii itakuwa ikitazama nini? Na nani mwingine atakuwa akitazama pamoja nami? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama kifaa kitailinda nyumba au kitaivua nguo, tena si nyumba yako peke yake.

Sipingi kamera, na sababu za kuzifunga nazijua. Mnamo Novemba 2014 mjini Kampala, baba mmoja alimwona bintiye mdogo ana michubuko na anachechemea. Alitega kamera nyumbani bila kumwambia yaya. Picha zilizonaswa, za mtoto akipigwa na kukanyagwa sakafuni, zilizunguka dunia nzima, na Desemba mwaka huohuo yaya alikiri kosa akafungwa miaka minne. Bila kamera ile lingebaki neno la yaya peke yake, maana mtoto hakuwa na umri wa kueleza. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka video ile hata kama hawakuweza kuimaliza. Anayefunga kamera kwa hofu hiyo, au kwa kuwa ameibiwa mitungi ya gesi na viatu vya watoto mlangoni, sina la kumlaumu.

Ninachokipinga ni jicho lisilowekewa mpaka. Na mpaka huo sheria imekwisha kuuchora, ila wengi wetu hatujausoma.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaja kuitia haki hiyo nguvu, na uso wa mtu kwenye rekodi ya kamera ni data yake maadamu anaweza kutambulika. Sheria hiyohiyo, kwenye kifungu cha 51, inamwondolea mzigo mtu anayeshughulika na mambo ya kibinafsi au ya kinyumbani tu. Hapo ndipo watu wanapopumua: kamera ni yangu, ukuta ni wangu, nyumba ni yangu, basi nimo ndani ya msamaha. Wanalisahau lile neno la mwisho, tu.

Uzito wa neno hilo ulipimwa mbali na hapa, katika Jamhuri ya Czech. Mwenye nyumba mmoja huko alikuwa amevunjiwa madirisha mara kadhaa kati ya 2005 na 2007, wala wahalifu hawakujulikana. Akafunga kamera chini ya ukingo wa paa. Haikuzunguka wala haikunasa sauti, na rekodi zake aliziona yeye peke yake. Mtu mwangalifu kuliko wengi wetu. Ilitazama mlango wake, njia ya umma iliyopita mbele, na mlango wa nyumba iliyokabiliana na yake. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba 2007 dirisha lilivunjwa tena, kwa manati, na kamera ikawanasa washukiwa wawili. Aliwapa polisi rekodi. Mmoja wa washukiwa akahoji uhalali wa kurekodiwa, na afisi ya kulinda data ya nchi hiyo ikampata mwenye nyumba na hatia ya kuwarekodi wapita njia bila idhini wala taarifa. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, ambayo tarehe 11 Desemba 2014 ilisema kwamba kamera inayotazama hata sehemu tu ya njia ya umma imetoka nje ya shughuli za kinyumbani.

Mwanzoni hukumu hiyo humkera msomaji. Mtu avunjiwe dirisha, amnase mhalifu, kisha yeye ndiye ahukumiwe? Lakini mahakama haikusema kamera ing'olewe. Ilisema mwenye kamera kama hiyo amekuwa na wajibu kwa watu anaowarekodi, na kwamba haja yake ya kulinda mali, afya na maisha ya familia yake itawekwa kwenye mizani pamoja na haki zao. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiona ya maana kuliko zote. Ukitaka kutazama barabara, unaweza kuwa na sababu nzuri; kuanzia hapo, hata hivyo, unawajibika kwa mama mboga, mwanafunzi na mwendeshaji boda boda wanaopita hapo kila siku.

Hukumu ya Luxembourg haimfungi hakimu wa Mombasa wala wa Nakuru. Lakini sheria yetu imefuata kwa karibu mkondo wa sheria za Ulaya, na maneno ya msamaha wa kinyumbani ni karibu yaleyale. Wakili yeyote mzuri ataileta hoja hiyo mahakamani. Ukitoka nje ya msamaha, sheria inakutaka uwajulishe watu kwamba wanarekodiwa na kwa nini, usikusanye zaidi ya unachohitaji, usikae na rekodi kuliko haja yake, na anayetaka kuona alivyorekodiwa umsikilize. Adhabu ya jumla kwenye sheria hiyo ni faini ya hadi shilingi milioni 3 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ya kuisimamia. Sitarajii mtu afungwe miaka 10 kwa sababu ya kamera ya getini. Natarajia majirani waanze kupeleka malalamiko, na wakifanya hivyo watakuwa na haki.

Maana tazama tunavyozifunga. Katika ploti ya ghorofa nne, mpangaji anaweka kamera juu ya mlango wake ikikabili korido. Kinachoonekana kwenye simu yake ni mlango wa jirani, mita mbili mbele. Anajua jirani ametoka saa ngapi, amerudi na nani, nani amelala kwake, binti yake amevaa nini kwenda kuanika nguo. Huenda hana nia mbaya hata kidogo. Anapokea arifa kila mlango ule unapofunguliwa, na baada ya wiki mbili anaijua ratiba ya nyumba ya mwenzake kuliko anavyoijua yake. Watoto wa korido nao wamo humo wakicheza, na sheria inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi.

Huku pwani, nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu zilijengwa na watu waliolifikiria jambo hili kwa kina. Mgeni huketi kwenye daka, nje ya mlango, na mlango ukifunguliwa macho hayaingii moja kwa moja hadi ndani. Anayebisha hodi kwa adabu husimama kando ya mlango, asiukabili uwazi. Sasa juu ya kichochoro chembamba ambamo punda mwenye mzigo akipita inabidi ujibane ukutani, mtu anafunga kamera inayotazama dirisha la ng'ambo. Mwenye dirisha hakuulizwa, na kichochoro hakina upana wa kumwezesha kukwepa.

Dawa yake haina gharama. Ifunge kamera mita mbili na nusu hadi tatu juu ya ardhi, uiinamishe mpaka ukingo wa juu wa picha uishie kwenye kizingiti au kwenye geti lako. Uso wa mtu utauona vizuri zaidi hivyo kuliko ukiielekeza mbali barabarani, ambako utaambulia vichwa vya watu wasiotambulika. Ikiwa hakuna pembe isiyomgusa jirani, tafuta ndani ya programu sehemu ya kuziba eneo, uchore kisanduku cheusi juu ya mlango au dirisha lake. Usichanganye hicho na eneo la arifa, ambalo hukuzuia kuarifiwa tu huku kamera ikiendelea kurekodi kila kitu. Kamera ambayo haina uwezo wa kuziba eneo isifungwe mahali penye mlango wa mtu mwingine.

Kisha zima sauti. Hili nalisisitiza kwa sababu kamera nyingi hutoka dukani zikiwa zinasikiliza, na wengi hawajui. Mwaka 2021 mahakama ya kaunti ya Oxford, Uingereza, iliamua mgogoro wa majirani wawili kuhusu kamera na kengele yenye kamera. Jaji alikubali kwamba picha ya mbele ya mlango ilikuwa na sababu yake. Sauti aliikataa: vifaa viliweza kunasa mazungumzo umbali wa zaidi ya mita 12, watu wakiongea ndani ya mipaka ya kwao, na hakuona haja ya usalama inayohalalisha kiasi hicho. Wezi wangapi umewahi kuwatambua kwa sauti? Unachokinasa zaidi ni mke na mume wakigombana karo ya watoto, na msichana akilia kwenye simu ngazini.

Wenye ploti wana mzigo wao, na ni mzito kuliko wa mpangaji. Kamera ya landilodi kwenye ngazi, maegesho na geti haiwezi kuitwa ya kinyumbani. Kanuni za usajili za 2021 zinawasamehe wenye biashara ndogo wasijisajili kwa Kamishna wa Kulinda Data, lakini uendeshaji wa kamera za usalama kwa ajili ya kuzuia uhalifu umetajwa kati ya shughuli ambazo msamaha huo hauzihusu. Mpangaji ana haki ya kujua kamera ziko wapi, nani anaziona, na rekodi hukaa siku ngapi. Ikiwa msimamizi wa ploti anazitazama kwenye simu yake binafsi akiwa kilabuni, wapangaji wanapaswa kuuliza. Na wanaokodisha vyumba kwa wageni wa muda mfupi Nyali na Diani wakumbuke kwamba tangu tarehe 30 Aprili 2024 Airbnb imepiga marufuku kamera zote za ndani ya nyumba, hata ile ya sebuleni iliyotangazwa waziwazi.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo liko ndani ya nyumba. Ni dada wa kazi.

Jirani akichukizwa na kamera yako anaweza kugombana nawe, kukushtaki, au kuhama. Yaya hana hata kimoja cha hivyo. Anaishi ndani ya macho ya kamera tangu anapowasha jiko alfajiri mpaka anapozima taa, na usiku hulala kwenye chumba cha watoto ambamo kamera inaona gizani. Hapo ndipo anapovua nguo. Hapo ndipo anaposali, anapopaka mafuta, anapompigia mamake simu. Bosi anayeingia kwenye programu saa tano asubuhi kuangalia kama mtoto amekula, anaona na hayo, na mara nyingine anaona na bosi mwanamume. Kuna nyumba ambazo msichana hajaambiwa kwamba ile balbu kwenye kona si balbu.

Amwambie. Amwambie siku ya kwanza, kabla hajafungua begi, na amwonyeshe kamera ziko wapi na zinaona hadi wapi kwenye skrini. Kifungu cha 29 cha sheria kinadai mtu ajulishwe anapokusanyiwa data, na mtu uliyemwajiri sidhani unaweza kumhesabu ndani ya shughuli zako za kinyumbani tu. Pahali anapolala na anapobadilisha nguo pasiwe na kamera kabisa, na bafuni hata mjadala haupo. Kama analala chumba kimoja na mtoto, kamera ya chumba hicho izimwe anapoingia kulala, au apatiwe pahali pengine pa kubadilishia. Sebuleni na jikoni panatosha kuona kama mtoto amelishwa na hajapigwa.

Nitaulizwa: na yule baba wa Kampala, je? Yeye hakumwambia. Hakumwambia kwa kuwa alikuwa ameona alama kwenye mwili wa mtoto, na sababu hiyo inatosha mahali popote. Aliye na dalili za kweli kwamba mtoto anaumizwa ategeshe kamera hata sasa hivi, kwa siku chache, sebuleni, na akipata jibu aende polisi. Lakini dharura ya nyumba moja haiwezi kugeuzwa desturi ya nyumba zote, wasichana kwa maelfu wafichiwe kamera kwa kuwa mmoja wao alifanya ukatili miaka mingi iliyopita. Hata kwa usalama wa mtoto, kamera inayojulikana inafaa zaidi: yaya anayejua anaonekana hatampiga, na yule anayerekodiwa kwa siri utagundua amekwisha kupiga.

Swali la pili lilikuwa nani anatazama pamoja nawe. Anza na fundi. Ndiye aliyefungua akaunti, mara nyingi kwa barua pepe yake mwenyewe ili asikusumbue, na nenosiri akaweka moja hadi nane ili usilisahau. Akiondoka na elfu mbili zake, anaondoka na uwezo wa kuiona sebule yako. Huenda ni mtu mwema kabisa. Simu yake ikiibiwa, mwizi naye ni mwema? Kaa karibu naye anapofunga. Akaunti ifunguliwe kwa anwani yako, kwenye simu yako, na nenosiri liandikwe na wewe yeye akiwa ameangalia kando. Ukimaliza, fungua orodha ya walioshirikishwa ndani ya programu uhakikishe umo peke yako. Aliyehama, aliyeachana na mwenza, aliyefukuza msimamizi, wote wairudie orodha hiyo siku hiyohiyo.

Nenosiri la kiwandani ni hatari kubwa kuliko fundi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka mtandaoni ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama sitini hivi tu, kwenye kamera, rekoda na rauta. Hayo yalitosha kuteka vifaa kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua kitu. Ziliendelea kuwaonyesha magari yao kama kawaida. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 imekataza kisheria kuuza vifaa vya aina hii vikiwa na nenosiri jepesi linalofanana kwa vyote. Sisi vinatufikia hivyohivyo, kwa hiyo kazi ni yetu: nenosiri refu lisilotumika kwingine, uthibitisho wa hatua mbili kwenye programu, na masasisho yasiahirishwe. Kama rauta yako inaruhusu, ipe kamera mtandao wa wageni, ili ikitekwa isiifikie kompyuta yenye hati zako za benki.

Wapo na walioko upande wa pili wa intaneti. Rekodi ikihifadhiwa kwenye seva za kampuni, iko mikononi mwa watu usiowajua. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring, inayomilikiwa na Amazon, kwamba wafanyakazi na wakandarasi wake waliweza kuangalia video za faragha za wateja, na kwamba mfanyakazi mmoja mnamo 2017 alitazama maelfu ya video za wanawake wasiopungua 81, kutoka kwenye kamera zilizowekwa hata vyumbani na bafuni. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa kampuni ya Wyze, baada ya hitilafu ya mitambo, walioneshwa picha ndogo za nyumba za watu wengine. Hizo ni kampuni zenye majina na nchi zenye mahakama zinazozifikia. Balbu ya Luthuli isiyo na jina la mtengenezaji kwenye boksi utamshtaki nani? Ndiyo maana napendelea rekodi ikae kwenye memori kadi au rekoda ya ndani ya nyumba, na kamera ya ndani izimwe au igeuzwe ukutani familia ikiwa nyumbani.

Kuhusu ufundi wenyewe nitasema machache, yale ambayo boksi halisemi. Kamera isiyo na waya bado inahitaji umeme. Stima ikipotea, rauta inazimika, na kamera haiwezi kukutumia picha hata kama ina betri yake. Betri ndogo ya akiba ya rauta ni ununuzi bora kuliko kamera ya pili. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ambayo hupenya kuta kuliko ya gigahezi 5, lakini ukuta wa mawe ya matumbawe wa nusu mita utayashinda yote mawili. Jaribu mawimbi kwa simu pahali penyewe kabla ya kutoboa ukuta. Picha ya 1080 ikisafiri kwa megabiti mbili kwa sekunde inakula karibu gigabaiti moja kwa saa, zaidi ya 20 kwa siku. Anayetegemea bando la simu arekodi kwenye kadi na afungue picha anapoarifiwa tu. Na kadi ya gigabaiti 64 ikirekodi mfululizo itajaa kwa siku tatu hivi, kisha ianze kufuta ya zamani. Ukipenda kuona usiku, pangusa kamera kila wiki. Wadudu huvuta buibui, na utando uliotandwa mbele ya lenzi hung'aa kwa mwanga wa infraredi wa kamera ukafunika picha yote na kukuamsha kwa arifa za uongo usiku kucha.

Na panga saa. Kamera nyingi zinazotoka China huja na saa za huko, tano mbele ya zetu. Mwizi aliyeingia saa tisa usiku rekodi itaonyesha aliingia asubuhi kweupe, na wakili wake hatakosa kuligundua hilo.

Mahakamani ndiko kamera inakopaswa kufika ikiwa imenasa uhalifu, na huko ina masharti yake. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na hati inayoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichoitoa, ikitiwa saini na mtu anayehusika na kifaa hicho. Kwa hiyo toa memori kadi kabla haijajifuta, usiichezee, andika siku na saa, piga ripoti upate nambari ya kitabu cha matukio cha polisi (OB), na polisi wapewe rekodi asilia. Kipande kilichopitia makundi matatu ya WhatsApp kimebanwa, kimepoteza taarifa zake za ndani, na hakuna anayeweza kuapa kwamba hakikukatwa.

Lakini sisi huanza na WhatsApp. Kamera imenasa kijana akizungukazunguka getini, basi uso wake uko kwenye kundi la mtaa kabla hajafika kona, na chini yake limeandikwa neno mwizi. Katika miji yetu watu huuawa kwa neno hilo. Huenda ni mwizi. Huenda ametumwa kuleta mzigo akakosa nambari ya nyumba. Hakuna atakayeuliza akikutana na vijana wenye mawe na tairi, na aliyesambaza picha atakuwa amelala. Kisheria pia amejiweka pabaya: mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na yule alikuwa mtu anayejiburudisha tu, hakuitwa mhalifu.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wakaazi: kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, bisha hodi kwa jirani anayekabiliana nawe, umpe simu yako aone picha ilivyo. Akisema mlango wake unaonekana, inamisha kamera hapohapo akiangalia. La pili ni kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data: itoe karatasi moja ya Kiswahili chepesi kuhusu kamera za majumbani, inayosema msamaha wa kinyumbani unaishia wapi, landilodi anadaiwa nini, yaya ana haki gani, na malalamiko yanapelekwa wapi, ambayo sheria inataka yashughulikiwe kwa siku 90. Nakala zake zipelekwe kwenye maduka ya Luthuli na ya hapa Mombasa, muuzaji aziingize ndani ya boksi, ziwe juu ya ile karatasi ya maelezo ya Kichina.